Mhariri, hili joto la usiku Dar tumelijenga kwa mikono yetu

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua barua yangu ni ndefu ila naomba msiikate sana maana hili jambo limenikaa rohoni tangu Februari. Mimi ni fundi ujenzi, nilianza kubeba zege nikiwa kijana wa miaka 17 na saivi nina miaka 51, nimejenga Ilala, Tabata, Sinza, Mbezi, Goba, Chanika, huko kote kuna nyumba nikipita najua hapa mkono wangu upo. Kwa hiyo mengi ninayoandika hapa nimeyashika kwa mikono, mengine nimeyasoma kwa sababu nilitaka kuelewa nilichokishika.

Nianze na jambo ambalo kila msomaji wa Dar anaweza kulijaribu leo hii. Subiri saa tatu usiku, jua limeshazama zaidi ya saa mbili, halafu weka kiganja kwenye ukuta wa chumbani kwako, ule unaotazama magharibi. Mimi nilifanya hivyo usiku mmoja wa Februari, umeme umekatika, feni imesimama, mke wangu ameshamtandikia mjukuu khanga mbichi sakafuni kwa sababu kitandani hakulaliki, mtoto analia hata hajui analilia nini. Nikaegemea ukuta nikatoa mkono haraka. Ulikuwa wa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Nikatoka nje nikaenda kushika shina la mwarobaini wa jirani, la baridi kabisa, nikarudi nikashika ukuta tena, nikaenda tena kwenye mti, mke wangu akawa ananiangalia tu mlangoni na taa ya simu. Ule ukuta niliujenga mwenyewe mwaka 2009, tofali za nchi sita, saruji juu mpaka chini, bila upenu wa maana wa kuukinga na jua la jioni. Jua lote la mchana lilikuwa limejificha mle ndani ya tofali na sasa lilikuwa linatutolea kidogo kidogo sisi na yule mtoto.

Kwenye taarifa za hali ya hewa tunaambiwa Dar mchana nyuzi 32 au 33, usiku 25 hivi. Ni kweli na wanapima kitaalamu, ila mjue kile kipimajoto kinakaa uwanja wa ndege, kwenye kisanduku cheupe chenye matundu ya hewa, juu ya nyasi, sehemu ya wazi. Sisi tunalala kwenye vyumba vilivyobanwa na zege huku na huku, bati juu, lami mbele. Joto letu ni jingine na halimo kwenye taarifa hizo.

Na naomba nieleweke, sibishi habari za mabadiliko ya tabianchi, dunia inapata joto na bahari yetu pia, hilo lipo. Ila kuna joto la pili linaloongezeka juu ya hilo, la mji wenyewe, na hili la pili halijatoka mbali. Wala sio habari mpya. Kule London mwanzoni mwa miaka ya 1800 kulikuwa na mtu anaitwa Luke Howard, kazi yake ilikuwa kutengeneza dawa, ila alikuwa anaandika joto kila siku, na alipolinganisha mjini na mashambani nje ya mji akakuta usiku mjini kuna joto zaidi kwa karibu nyuzi 2. Mchana tofauti hata haikuonekana. Usiku ndo ilionekana! Miaka mia mbili iliyopita, kabla ya lami, kabla ya magari. Mi niliposoma hivyo nikakumbuka ukuta wangu.

Kwa sababu kinachotokea ni hiki, nakieleza kifundi. Udongo wenye majani jua likizama unapoa upesi, na mchana ulikuwa unatoa unyevu, yaani unatoa jasho kama mtu. Zege, tofali la saruji, lami na hizi pevingi hazina jasho, zinakunywa joto kutwa nzima na zikianza kulitema jioni zinatakiwa zilitemee angani. Sasa kama nyumba na nyumba zimeachana hatua mbili, na ya jirani ina ghorofa nne, ukuta wako hauoni anga, unaona ukuta wa mwenzio. Anakutemea na wewe unamtemea. Mpaka alfajiri. Kesho jua linakuta ukuta haujapoa na linaongeza hapo hapo.

Sasa nije kwa bibi yangu. Bibi alikuwa na nyumba Ilala, nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa nyingi, vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, korido imenyooka katikati kutoka barazani mpaka uani. Mlango wa mbele ukiwa wazi na wa uani ukiwa wazi upepo unapita moja kwa moja kama mtu anayepita na haraka zake. Kuta za vyumba hazikufika juu kwenye bati, kulikuwa na uwazi, ukikohoa chumba cha kwanza chumba cha mwisho wanakupa pole, faragha haikuwepo kweli lakini hewa ilikuwepo. Kuta ni za miti na udongo zimepakwa chokaa nyeupe. Paa limetoka nje limefunika baraza, kwa hiyo jua halikuugusa ukuta wa mbele. Na uani kulikuwa na mwembe, chini yake jiko, kisima cha kunawia, mkeka, wapangaji wote wanashinda hapo kuanzia saa nane mchana. Ule ua ndo ulikuwa kiyoyozi cha nyumba. Hakuna fundi aliyekuwa na digrii pale, ila walijua jua linatoka wapi na upepo unatoka wapi.

Hata kuvuka maji pale Unguja, nilifanya kazi ya ukarabati Mji Mkongwe kwa miezi kadhaa, nikaona ukuta wa mawe na chokaa wenye unene wa nusu mita na zaidi, dari iko juu sana, ua katikati, madirisha ya mbao za kupitisha hewa, na vichochoro vyembamba ambavyo jua linaingia saa chache tu. Saa saba mchana unapita chini unatembea kivulini mtaa baada ya mtaa. Watu wanasema vichochoro ni uswahili, kumbe vile vilipangwa na watu wanaojua jua la hapa. Lakini angalieni tofauti, kule chumba kina ua na dari iko juu na ukuta ni mnene kiasi kwamba joto la mchana halijafika ndani jua likizama. Ukichukua kichochoro peke yake ukakijengea kwa tofali za nchi sita na bati la chini chini, unapata Manzese, unapata Tandale, wembamba upo lakini kivuli na hewa havipo.

Sasa hivi tunajenga nini? Nitatoa mfano wa kazi moja ya Goba, mwenye nyumba simtaji na wala sio mtu mbaya. Alikuja na picha kwenye simu, ile staili ya kuficha bati, kuta zimepanda juu zimezunguka paa zima, ukitazama unaona boksi tu. Kiwanja kilikuwa na miembe miwili na mkorosho. Akasema toa yote fundi, mizizi itapasua msingi, na majani yanachafua. Bati alitaka la rangi ya mkaa. Madirisha makubwa ya aluminiamu na vioo upande wa magharibi kwa sababu huko ndo kuna barabara na nyumba lazima ionekane. Silingi ya jipsamu chini chini na taa za urembo. Halafu kiwanja chote pevingi, geti mpaka ukuta wa nyuma, hakuna hata shimo la kupanda mchicha. Nikamwambia mzee, hii nyumba haina upenu, ukuta utapigwa jua kutwa. Akasema tutaweka viyoyozi. Nikajenga, pesa nikachukua, sikubishana sana na hilo linanisumbua mpaka leo.

Mwezi wa pili nikaitwa, paa linavuja (haya ya kuficha yanavuja sana kwenye mfereji wa ndani, wenye nayo wanajua). Nikafika saa tisa mchana. Mama mwenye nyumba nilimkuta nje, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, na dada wa kazi amekaa chini na mtoto mgongoni, wote watatu wamebanana kwenye kivuli cha tenki la maji. Kiwanja kizima, nyumba ya mamilioni mangapi sijui, kivuli kilichobaki ni cha tenki. Akaniambia fundi ndani kunawaka, na viyoyozi tukiwasha vyote vinne LUKU haimalizi wiki. Nikapanda juu ya paa kuziba, nilivaa viatu vya kazi na bado nilikuwa nainua mguu mmoja mmoja. Bati la rangi nyeusi jua la Februari linapita nyuzi 60 bila shida, na hilo joto lote linashuka kwenye jipsamu na kwenye vichwa vya watu.

Halafu kiyoyozi chenyewe watu wanasahau kitu. Hakiui joto, kinalihamisha. Kinatoa chumbani kwako kinalipuliza nje, na nje ni dirishani kwa jirani ambaye hana kiyoyozi. Pita Kariakoo au Upanga nyuma ya maghorofa jioni uone zile feni za viyoyozi zimepangana ukutani, simama chini yake dakika moja tu.

Niseme kuhusu upepo sasa, maana kwa Dar naona hili ndo kubwa kuliko yote. Sisi sio jangwani. Hewa yetu ina unyevu, jasho halikauki, kwa hiyo kinachompoza mtu wa pwani ni kivuli na upepo kupita kwenye ngozi. Na Mungu ametupa upepo bure, kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi, kusi kuanzia Aprili, na kila mchana upepo wa baharini unaingia nchi kavu. Ukisimama Kivukoni saa kumi jioni unaupata wote. Ukisogea Posta unapungua. Ukifika katikati ya Kariakoo umekwisha, bendera kwenye maduka zimelala. Umeenda wapi? Umegonga ghorofa. Kariakoo ilikuwa mtaa wa nyumba za chini kama ya bibi, mitaa imenyooka tangu Mjerumani alipoipima, upepo unakimbia mle. Sasa kila kiwanja kile kile cha nyumba ya vyumba sita kimeota ghorofa nane, kumi, limejaza kiwanja chote ukuta kwa ukuta, upana wa mtaa ukabaki ule ule.

Na mnajua kwamba mambo haya yalishafikiriwa hapa hapa? Mpango mkuu wa kwanza wa Dar baada ya Vita ya Pili ya Dunia, wa mwaka 1949, uliochorwa na kampuni ya Waingereza, uliweka maeneo wazi ya kupitishia upepo kutoka baharini kwenda ndani. Nia yao haikuwa safi yote, yale maeneo wazi yalitumika pia kumtenga Mwafrika na Mhindi na Mzungu, Uzunguni kupate hewa na bustani, Uswahilini kubanane. Hilo tulilikataa na tulikuwa na haki. Lakini badala ya kuchukua ule upepo tukaugawa kwa wote, tukaujengea. Ikaja mipango mingine 1968 na 1979, yote ilitaka maeneo wazi, na mji ukakua kuliko karatasi, kutoka watu wasiofika laki nne kwenye sensa ya 1967 mpaka zaidi ya milioni 5.3 sensa ya 2022. Uwanja wa mpira wa watoto ukawa fremu. Bonde likawa gereji. Kila eneo wazi la Dar lina mtu anayeliangalia kama kiwanja ambacho hakijapata mwenyewe.

Mfano mzuri wa mtu wetu aliyeelewa ni soko lenyewe la Kariakoo, lile jengo kuu lililochorwa na marehemu Beda Amuli, Mtanzania, miaka ya 1970. Nilikuwa naenda pale na bibi kununua nazi. Lile paa ni kama miavuli mikubwa ya zege imesimama kwa safu, imetoka nje, pembeni pako wazi, hakuna kioo hakuna feni, na maelfu ya watu na nyanya na ndizi zinahema humo ndani. Ule moto wa Julai 2021 ulipoliunguza soko mi niliumia kama wengine kwa ajili ya mali za watu, ila niliumia pia kama fundi. Zege ile ile ninayoilaumu kwenye barua hii, kwenye mikono ya mtu anayefikiria ilitoa kivuli na hewa. Kwa hiyo msidhani nasema turudi kwenye makuti. Nasema tufikirie kabla ya kumwaga.

Wenzetu wenye hali kama yetu wamefanya. Hong Kong ni mji wa bahari, wa joto na unyevu kama hapa, wakajenga maghorofa yamesimama ufukweni kama ukuta, nyuma yake watu wakakosa hewa. Baada ya ule ugonjwa wa SARS wa 2003 wakaamka, na tangu 2006 miradi mikubwa ya serikali inatakiwa ipimwe kwanza, upepo utapita wapi jengo hili likisimama. Wanajaribu kwenye vifaa kabla msingi haujachimbwa. Sasa mimi nauliza, ghorofa likipandishwa pale ufukweni kwetu kuna mtu anauliza upepo wa watu wa Ilala na Buguruni utapita wapi? Maana unapita pale.

Miti sasa, na hapa nitaongea kwa uchungu. Mtaani kwetu kulikuwa na mikungu mitatu na mkwaju mmoja kando ya barabara, mkwaju ule mzee mmoja wa mtaa alisema aliukuta pale alipoletwa mdogo na mama yake. Chini yake kulikuwa na kijiwe cha bodaboda, mama lishe wawili, fundi viatu, na kina mama wakitoka kliniki na watoto wanapumzika pale. Barabara ikaja kupanuliwa, jambo jema, vumbi tumekula miaka. Siku moja asubuhi wakaja vijana na misumeno, saa sita mchana imekwisha, mpaka mkwaju. Tukauliza, tukaambiwa mchoro hauonyeshi miti. Hauonyeshi miti! Yaani yule aliyechora alichora kama vile pale hapakuwa na kitu. Mfereji ungeweza kupindishwa mita moja na nusu, mi nimejenga mifereji, najua. Sasa tuna lami nzuri, na mama lishe mmoja amefunga turubai la bluu anakaanga samaki chini yake na uso umemvimba kwa joto, mwingine ameacha biashara kabisa. Bodaboda wanajificha kwenye kivuli cha nguzo ya umeme, kivuli kikigeuka nao wanageuka nacho.

Baadaye ikaletwa miche ya kupanda, ikaja miashoki. Nawaomba wahusika wanielewe, mwashoki ni mti mzuri wa urembo, umesimama kama mshumaa, lakini kivuli chake hakimtoshi hata kuku. Kando ya barabara ya Dar panda mwarobaini, panda mkungu, panda mkwaju, panda mwembe pale penye nafasi. Mti wenye mwavuli. Na uchimbiwe shimo la maana, sio kufunikwa na pevingi mpaka shingoni halafu tunashangaa umekauka. Kule Medellín nchini Colombia kuanzia 2016 walipanda njia 30 za kijani kando ya barabara na mifereji, wakawafundisha watu wa mitaa masikini kuwa ndo watunza bustani wenyewe na mshahara wanapata, na joto kwenye zile njia likashuka kwa kama nyuzi 2. Nyuzi 2 zile zile za Luke Howard, wao wamezirudisha chini.

Anayeumia zaidi kwenye haya yote ni mpangaji wa chumba kimoja. Mwenye kiyoyozi Masaki ana miti pia, ana uwanja, ana bahari. Mtu wa Mbagala au Tandale bati liko mita mbili na nusu kutoka kitandani, hakuna silingi, dirisha moja linatazama ukuta, na halifunguliwi usiku kwa sababu ya wezi na mbu. Huyu ndo tungeanza naye. Na sio gharama ya kutisha. Mji wa Ahmedabad kule India joto la 2010 liliua watu zaidi ya elfu moja, wakaandaa mpango wao 2013, na moja ya mambo waliyofanya baadaye ni kupaka chokaa nyeupe juu ya mapaa ya watu masikini. Chokaa, Mhariri! Kwa hapa kwetu chokaa haishiki vizuri kwenye bati, inabanduka na mvua, ila rangi nyeupe ya bati ipo madukani, na bati jeupe linarudisha jua lilikotoka. Mi nimepaka langu mwezi wa tatu, makopo manne, mimi na kijana wangu Jumapili moja. Na ukutani magharibi nimetoa kibanda cha upenu wa bati upana wa mita moja na ushei, na chini nimepandisha mpasheni. Chumba sio cha baridi, sitadanganya. Ila ukuta saa tatu usiku haunichomi tena na mjukuu amerudi kitandani.

Lakini mtu mmoja mmoja hawezi kuleta upepo. Kwa hiyo kupitia gazeti lako naomba wakubwa wa mipango miji na halmashauri zetu wasikie. Ramani ikiletwa kuombewa kibali cha ujenzi mnakagua nguzo, mnakagua choo, mnakagua umbali wa mpaka. Ongezeni maswali machache tu. Nyumba imelala vipi na jua? Maana hapa kwetu jua linachoma ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi jioni, na mwanzoni mwa Machi na Oktoba linasimama utosini kabisa, kwa hiyo nyumba ndefu inatakiwa itazame kaskazini na kusini, ubavu mfupi ndo upewe magharibi, na hiyo kaskazini na kusini ndo upepo wa kaskazi na kusi unakotoka zaidi, yaani mambo mawili yanajibiwa na jibu moja. Upenu upo? Udongo ulioachwa wazi ni kiasi gani? Miti iliyopo imechorwa kwenye ramani au haipo kama ule mkwaju wetu? Na kwa maghorofa ya pwani na Kariakoo, upepo. Pia lile bonde la Msimbazi ambalo tunasikia litatengenezwa na kuwekwa bustani kubwa ya mji, naomba ile bustani isimegwe. Lile bonde ni njia ya maji na pia ni njia ya hewa, linaanzia baharini linaingia mpaka ndani kwa wananchi, na hatuna nyingine ya namna ile.

Na nyie mafundi wenzangu, tusijifiche nyuma ya mteja. Mteja anakuja na picha ya simu kwa sababu hamna aliyemweleza. Sisi ndo tunasimama kwenye kiwanja siku ya kwanza na kamba na vigingi, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwaka jana nilipata kazi Chanika, mwalimu mstaafu na mkewe, kiwanja kina mwembe mkubwa katikati pale pale ramani ilipoonyesha sebule. Kabla ya kupiga kamba nikawaomba turudi saa tisa mchana, sisi watatu tu. Tukasimama chini ya mwembe, nikawaonyesha jua liko wapi, nikaokota majani makavu nikayaachia yakaonyesha upepo unatoka upande gani. Mama akamwangalia mumewe. Tukaigeuza ramani, sebule ikasogea, mwembe ukabaki uani, paa tukalitoa nje pande zote. Kijana wao mmoja alinuna kidogo kwamba nyumba inaonekana ya kizamani. Mwezi uliopita nilipita kuchukua deni langu la mwisho, ilikuwa saa nane, jua kali, nikagonga mlango wa mbele hakuna aliyeitika. Nikazunguka nyuma. Wote walikuwa uani, na yule kijana amelala kwenye mkeka chini ya mwembe, simu imemwangukia kifuani.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi ujenzi, Ilala, Dar es Salaam.